Joto la Tangi, na Hersi wa Ng'ambo ya Barabara

Jumatatu, 5 Februari 2024

Jua la Garsen leo limekuja na hasira zake. Lakini habari ni njema. Akina mama wa maziwa wanatafuta mtu wa kutunza tangi lao la kupoza. Mwenyekiti wao, Mama Kadra, amesema kipimajoto cha tangi kimekufa. Atakayewaonyesha baridi ya maziwa bila kufunua kifuniko, kazi ni yake. Nani kama mimi, Kavumbi, fundi simu, ambaye duka langu limegusana ukuta na chumba cha tangi?

Hersi, labda. Fundi simu wa ng'ambo ya barabara. Mama Kadra akiongea nami, yeye alisimama mlangoni kwake anakunywa chai. Chai gani ile isiyoisha?

Bahiya, mke wangu, amesema nikikosa kazi hii tunahamia Tarasaa kwa kaka yake, nikapalilie mahindi. Kaka mtu husimama nyuma yangu na kunionyesha magugu kwa kidole. Siendi.

Jumanne, 6 Februari

Nimekitengeneza kipimajoto changu! Kibao kidogo cha mikrokontrola, ule ubongo wa mtambo, maelezo nimeyatoa kwenye simu. Kioo cha namba. Waya mrefu wenye ncha ya chuma inayoonja joto. Vidole nimeviunguza kwa solda, lakini kazi imekubali. Waya umepita kwenye tundu la ukuta, ncha imezama ndani ya maziwa, namba nazisoma nikiwa dukani kwangu. Nyuzi nne. Baridi safi.

Kabla sijaitumbukiza ncha, Mama Gumato, anayeosha vyombo vya maziwa, aliniuliza kama nimeifukiza moshi. Nilimwambia hiki ni kitu cha umeme, si kibuyu cha maziwa. Alinitazama kwa huruma. Mama mwema yule, hana hila hata chembe.

Jumatano, 7 Februari

Balaa. Asubuhi namba zilianza kupanda. Nne, ishirini, arobaini, hamsini na tisa! Baadaye zikashuka zenyewe mpaka nne, kama vile hakuna kilichotokea.

Na wakati huohuo nani alikuwa amevuka barabara, eti kununua maziwa ya chai? Hersi. Mkono mmoja mfukoni. Bahiya anasema watu huweka mikono mfukoni.

Ijumaa, 9 Februari

Jana hivyohivyo, leo hivyohivyo. Hersi anavuka, namba zinapanda. Nimekifunika kibao kwa gunia la unga asikione. Kiti changu nimekigeuza: mgongo kwenye ukuta wa tangi, macho kwenye duka la Hersi. Nimekaa hivyo tangu asubuhi. Upande wa pili kulinukia moshi mzuri, nadhani Mama Gumato alikuwa akifukiza vibuyu vyake. Sikugeuka. Nigeuke anipite?

Hersi alinipungia mkono. Sijawahi kuona mtu asiye na hatia akipunga vile. Halafu akaja kuniuliza kama nahitaji msaada, pengine waya umelegea. Kajuaje kama kuna waya?

Jumamosi, 10 Februari

Siku ya kuonyesha kazi. Sina hamu ya kuandika, lakini naandika.

Akina mama walijaa dukani, Mama Kadra mbele. Hersi naye akaja, eti kutazama tu. Kioo kilisoma nne. Nikaanza hotuba yangu. Sijafika mbali, namba zikapanda. Thelathini. Hamsini. Sabini! Nikapiga kelele kwamba maziwa yanachemka, watu watoke nje, na Hersi ashikwe.

Mama Kadra hakutoka. Aliingia chumba cha pili, akalaza kiganja chake juu ya tangi, akasema ni baridi. Kisha akaniita nije nione.

Mama Gumato alikuwa amekaa juu ya kigoda, kibuyu mapajani, vijinga ndani vinafuka moshi, na ncha yangu inaning'inia humohumo. Hakushtuka. Alisema kila asubuhi huitoa kwenye tangi, huifukiza, halafu huirudisha. Kitu kisichopitishwa moshi hakigusi maziwa, hivyo ndivyo alivyolelewa. Alisema aliona mimi sikufundishwa, akaona haya kunikumbusha tena mbele za watu.

Akina mama walicheka mpaka wakashikana mabega. Nilitamani ardhi ipasuke. Plastiki ya waya ilikuwa imeyeyuka, ncha imekufa.

Mama Kadra alinihurumia. Amenipa nafasi moja tu, Jumanne. Nikishindwa, atatafuta mwingine. Hakumtaja, lakini macho yake yalipita kwa Hersi. Niliyaona.

Jumatatu, 12 Februari

Nimefikiri na nimeelewa. Mama Gumato hana kosa. Mtu mwema kama yule hutumiwa bila kujua. Sasa, nani hununua maziwa kwake kila asubuhi? Nani humwamkia kwa adabu na kumuuliza habari za ng'ombe wake? Yote yako wazi.

Leo Hersi alivuka na ncha mpya kutoka kwenye sanduku lake. Akasema nichukue tu, sisi ni majirani, na kazi ya tangi yeye haitaki, simu zinamtosha. Mtu asiyetaka kazi hawezi kuzungumza vizuri namna ile. Nimeichukua. Nimeinusa. Nimeijaribu kwenye maji, inafanya kazi, na hilo ndilo linalonitia wasiwasi zaidi.

Shida ikawa pa kuiweka mpaka kesho. Dukani, Hersi ataifikia. Nyumbani, Hersi anapajua. Mwishowe nimeipeleka kwa mtu pekee ninayemwamini Garsen nzima: Mama Gumato. Nimemwambia kwamba Hersi asiiguse hata kwa ukucha. Ameipokea kwa mikono miwili. Ameniahidi ataitunza kama vibuyu vyake mwenyewe, na kesho akina mama wakija ataitayarisha vizuri kabisa.

Nilipomweleza Bahiya, alivuta jembe kutoka uvunguni, akatafuta tupa, akaanza kulinoa.

Nashuku Hersi ameshaongea naye.