Farasi Kagoma, Nikapakiwa Mimi

Leo nimeaibika ukweni. Tena si ukweni kwangu.

Kwa wasiojua, siku hizi natunza farasi wa kukodisha hapa Naguru. Bosi aliniajiri mwezi uliopita baada ya kusikia natoka Masisi, kwenye ng'ombe wengi. "Ng'ombe, farasi, yote ni moja," akasema. Sikumbishia. (Mtu anayetafuta kazi habishani kuhusu wanyama.) Bado niko kwenye majaribio, na leo ndiyo mara ya kwanza kutumwa na farasi bila yeye. Kuna kijana alitaka aingie kwenye kwanjula yake, yaani siku ya kujitambulisha kwa wazazi wa binti, akiwa juu ya farasi. Bosi akanitazama usoni: "Sifa kama hafiki, na wewe usirudi."

Sifa ni farasi jike, mpole. Siku zote anaingia kwenye tela kama anaingia kwake. Leo kafika mlangoni, kanusa, kasimama. Nikamvuta. Naye akanivuta. (Alishinda.)

Nikamuuliza dereva wetu, Mzee Okello, mwanajeshi mstaafu, jana tela ilibeba nini.

"Nguruwe kidogo tu. Ya kupeleka Wandegeya."

"Mzee, si ndiyo harufu inamtisha huyu?"

"Nguruwe ilishaliwa. Anaogopa nini?"

Akaenda pembeni kupokea simu. Mimi nikakumbuka maneno ya bosi: farasi akigoma usimtazame, mpe mgongo, tembea kama mtu mwenye uhakika, atakufuata mwenyewe. Nikaiachia kamba, nikashika karoti, nikageuka. Nikapanda mpaka mwisho kabisa wa tela, gizani, nikimbembeleza kwa sauti ya kwetu: "Twende, mama. Twende polepole. Twende."

Nyuma yangu nikasikia hatua kwenye ubao. Nilifurahi, karibu nilie. Zilikuwa hatua za Okello.

Sasa nieleweni. Kwangu Kiswahili ndiyo lugha ya mama, nabembelezea hata mtoto. Kwa Okello ni lugha ya kambini. Huko mtu akisema twende, huulizi nani na nani. Aliporudi hakuona farasi nje (Sifa alikuwa nyuma ya migomba, anakula), akasikia "twende" kutoka ndani, akapandisha mlango, akafunga komeo, akaondoa gari.

Nikapiga kelele. Nikapiga mateke ukutani. Mbele nikajibiwa, "Tulia, wewe mnyama." Simu yangu ilikuwa ndani ya koti, na koti liko kwenye uzio Naguru. Foleni ya Nakivubo niliikaa yote. Mwishowe nikasikia njaa, nikaanza kula karoti.

Tulipofika, ngoma zikapigwa. Kupitia kitundu niliona mahema, kina mama waliovaa gomesi, wazee wa kanzu, na kamera ya video. Bwana harusi kasimama kando ya tela, kavaa mabuti marefu ya kupandia farasi. Msemaji wake akatangaza kwa kipaza sauti kwamba kijana wao hakuja kwa miguu. Mlango ukashushwa.

Nikatoka mimi. Majani kichwani, karoti mdomoni.

Ngoma zikakatika. Kamera haikukatika. Shangazi wa binti, ambaye kazi yake siku hiyo ni kukagua kila kinacholetwa, akanizunguka taratibu kisha akawageukia wenzake. "Hii tumekubari. Rakini inakura nini?"

Okello akachungulia ndani ya tela, akanitazama. "Si ulisema twende?"

Bwana harusi aliingia kwa miguu na mabuti yake. Hakunisalimia. Nilimwonea huruma, ila nilijionea mimi zaidi.

Nikaazima simu ya Okello, nikampigia bosi, nikamweleza yote bila kuficha.

"Farasi imebaki," akasema. "Wewe umefika. Sasa nifukuze nani?"

Bado anafikiria. Naomba mtu asicheke mpaka aamue.