Waya wa Jino la Twahira

Jumatatu, 7 Juni 1993
Nina hasira hata kalamu inatoboa karatasi. Daktari Elirehema, aliyefungua kliniki yake ya meno karibu na uwanja wa mpira, anataka fundi mmoja wa kumtengenezea meno ya bandia. Nani kajitokeza kushindana nami? Khalfani! Niliyemfundisha mimi hapa Kaloleni kushika tupa! Sharti: kila mmoja alete jino moja lenye waya wa kulishikilia. Likae wiki nzima kwenye chupa ya maji ya chumvi na ndimu, nesi alisugue kwa mswaki asubuhi na jioni. Waya ukishika kutu, umeshindwa. Langu nimelichonga kwa kipimo cha mke wangu, Twahira. Mwaka wa pili huu anacheka kafunika mdomo. Nikishinda, jino ni lake.

Jumanne, 8 Juni
Khalfani tangu jana anausugua waya kwa msasa, hata kula hali. Twahira kanishauri nami nisugue, eti waya laini haushiki kutu. Mimi fundi, si dobi! Nimeupaka rangi yake ya kucha, ile isiyoonekana. Umeng'aa! Kutu ipite wapi? Tumekabidhi saa nane.

Ijumaa, 11 Juni
Nimekwenda kliniki kusalimia, yaani kuchungulia. Mswaki umebandua rangi yote! Chini yake madoa ya kahawia. Wa Khalfani, safi. Mbwa yule! Mfukoni nilikuwa na msumari wa bati. Nesi alipogeuka, nikautumbukiza kwenye chupa ya Khalfani, ukaulalia waya. Uoze, uuambukize! Dawa ya moto ni moto.

Jumanne, 15 Juni
Wangu, kutu tupu. Wa Khalfani unang'aa. Kilicholiwa ni msumari! Daktari kauinua kwa koleo, kafurahi kama kaokota almasi. Kasema zinki iliyopakwa msumari imeliwa badala ya waya, ikaulinda. Kamsifu Khalfani kwa akili. Khalfani kaapa hajui lolote. Daktari kasema, na mnyenyekevu pia! Hapo nikashindwa kuvumilia. Msumari wangu, sifa zake? Nikapiga meza: msumari ule ni wangu, nimeutia mimi Ijumaa kwa mkono wangu! Nesi kauliza niliutia wa nini. Kisha kasema hata kabla ya Ijumaa waya wa Khalfani haukuwa na doa. Nimeonyeshwa mlango.

Alhamisi, 17 Juni
Twahira karudi anacheka mdomo wazi. Ana jino! Khalfani kalitilia waya mpya jino langu nililoliacha kliniki, bure, eti heshima kwa mwalimu wake. Nimesusa chakula. Kapendeza, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Kaleta na salamu: Khalfani ananikaribisha tusugue waya pamoja. Kusugua! Kosa si langu, ni la rangi ile ya kucha, ilikuwa ya zamani. Siku hizi madukani zimejaa za nje. Nimenunua chupa tatu. Safari hii napaka mara mbili.