Fungueni Serikali, Marlys Arudi Hifadhini

Kwa Waheshimiwa Wabunge na Maseneta wa vyama vyote viwili,
Washington.

Salamu nyingi kutoka Dakota ya Kusini, ambako wote tu wazima isipokuwa mimi.

Leo ni siku ya thelathini na nne tangu mshindwe kupatana juu ya bajeti na serikali ikafungwa. Mke wangu, Marlys, ni askari wa hifadhi ya taifa iliyo jirani yetu. Kwa miaka ishirini na sita amewaongoza wageni na kuwakemea. Tangu mlipomrudisha nyumbani, hana mgeni ila mimi. Kwa heshima na taadhima naomba mpatane, kwa sababu hizi:

1. Kila asubuhi anavaa kofia yake ya kazi na kusimama barazani. Nikikatiza kwenye nyasi zangu mwenyewe, nasikia: "We Delmar! Hebu rudi njiani! Kila mtu akipita hapo, majani yatabaki?" Kila mtu nani, Waheshimiwa? Tuko wawili. Wahenga walisema wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Hapa kwetu nyasi ndizo pekee zilizo salama.

2. Amenikataza kumlisha kindi wangu karanga. Kibao kimepigiliwa mtini. Kindi ananitazama dirishani kama mtu aliyedhulumiwa, wala hajui kwamba waliomdhulumu wako Washington.

3. Saa nne kuna matembezi ya kuongozwa, kuanzia gereji hadi kwenye mtambo wa kupasha nyumba joto. Mwishoni huuliza kama kuna mwenye swali. Juzi sikuwa nalo. Alinywea mpaka nikaona aibu, nikauliza mtambo una miaka mingapi. Alijibu huku machozi yakimlengalenga. Hapo ndipo nilipowachukia nyote, bila ubaguzi wa chama. Yeye anaipenda kazi yake na amenyimwa. Nyinyi mnayo na hamuifanyi.

4. Mkate wa mahindi, aliokuwa akiuoka Jumapili tu, sasa anauoka kila siku. Ni mkavu.

Mtasema kupatana ni vigumu. Si vigumu hata kidogo. Marlys alitaka joto la nyumba liwe nyuzi sabini na mbili za Farenhaiti, mimi sitini na sita. Tuliketi mezani, na kabla kahawa haijapoa tukaafikiana sitini na tisa. Hakuna aliyehutubia, hakuna aliyeita waandishi wa habari. Mtu mzima anayeng'ang'ania neno lake mpaka shughuli za nyumba zikasimama hafai kukabidhiwa ufunguo wa jiko, seuze wa serikali.

Nisalimieni wote humo Bungeni, wa kulia na wa kushoto, na mlinzi wa mlangoni, ambaye nadhani naye hajalipwa.

Wenu katika utii unaopungua,
Delmar Haugstad

Tanbihi: Marlys aliisoma barua hii kabla sijaifunga. Akasema itakwenda posta nikifuta namba nne. Nikasema sifuti, mkate ni mkavu. Funguo za gari anazo yeye, stempu ninazo mimi. Barua ina siku tisa mezani, jiko limefungwa, na tunasemezana kwa vikaratasi vya kubandika kwenye friji. Jana redio ilitangaza kwamba nyinyi mmepatana, na leo asubuhi amekwenda kazini bila kuniaga. Sisi bado. Kama yupo mmoja wenu mwenye nafasi, tafadhali aje atusuluhishe. Ila apite njiani, asikanyage nyasi.