Kabichi Niliyobeba Ukweni

Leo nimejivua nguo mbele ya wakwe. Sikuwa na adui wa kunisaidia. Nilijivua mwenyewe, mchana, watu wakiangalia.

Ketini basi niwaambie kabla hamjaipata kwa mdomo mwingine, maana kutoka Musanda hadi hapa Lurambi habari haipangi foleni kwenye kibanda cha simu. Lakini mtu asinichekee katikati. Ngojeni nimalize, halafu mkachekee kwenu.

Mnajua nina presha. Mnajua pia vile nilivyoichukua. (Mnaniita Mama Kabichi nikiwapa mgongo. Nimesikia.) Nesi wa kliniki aliniambia kwa upole tu: "Mama, punguza chumvi, punguza mafuta, pumzika kidogo mchana. Usijikaze sana. Siku ukienda kwa watu, kula kidogo, kesho uendelee." Mimi nikatoka hapo nikayageuza maneno yake kuwa sheria ya serikali. Chumvi, marufuku. Mafuta, marufuku. Ugali nikaufukuza nyumbani, na mzee wangu nusura aufuate. Chakula ni saa saba kamili, hata kama mteja amesimama hapa kwa cherehani na gauni lenye mkono mmoja. Nilijiona mtu wa maana sana. Nikimwona mama mwingine akitia kijiko cha pili cha sukari kwa chai, nilikuwa namhurumia.

Basi leo tulienda Musanda kuzungumza mahari ya Fredi, mtoto wa kaka yangu Zakayo. Mama yake alifariki Fredi akiwa hajaota meno, nikamlea mimi. Nepi zake nimezifua mimi. Kwa hivyo nilienda kama shangazi na kama mama, na kitenge kipya nilichojishonea. Na haikuwa safari ya mchezo. Kulikuwa na karani mmoja wa kiwanda cha sukari, mwenye pikipiki, ambaye pia alimtaka Makrina, huyo msichana wa Fredi. Mama ya Makrina alikuwa ametuambia wazi: mje leo, tuelewane leo, ama tusisumbuane tena.

Kabla hatujashuka kwa pikapu Zakayo aliutazama mkoba wangu.

"Humo ndani kuna nini?"

"Vitu vyangu."

"Rispa, leo usituletee sheria zako."

"Mwili ni wangu," nikamwambia. (Jibu tamu. Nililipenda sana wakati huo.)

Walitupokea vizuri, siwezi kudanganya. Baba ya Makrina ni marehemu, kwa hivyo msemaji wao alikuwa baba yake mdogo, mzee wa fimbo, mcheshi. Pembeni aliketi Kukhu, nyanya yao, ambaye hasikii vizuri lakini anacheka wengine wakicheka. Fredi alikuwa anatoa jasho ndani ya koti la kuazima. Jikoni ingokho, kuku wetu wa heshima, inaiva, harufu inaingia hadi moyoni. Mambo yalikuwa yananyooka.

Saa saba ikafika. Chakula bado. Na mnajua kwetu kuku wa wageni hapikwi mbiombio. Nikaangalia saa. Nikaiangalia tena. Mtu mwenye akili angengoja. Mimi nikageukia ukuta kidogo, nikatoa mkebe wangu wa majarini, nikabandua kifuniko. Kabichi ya kuchemsha, bila chumvi, iliyofungiwa humo tangu asubuhi. Ile harufu sitawaeleza, nawaheshimu. Kijiko cha kwanza kilikuwa mdomoni wakati mama ya Makrina alipoingia na birika la maji ya kunawa.

"Mama, hiyo ni nini?"

"Ni kabichi tu."

"Tumekunyima chakula?"

"Hapana, mama. Hii nilibeba kutoka nyumbani."

"Ulibeba," akasema, akaweka birika chini.

Kukhu akauliza kwa sauti kutoka pembeni, "Anasema nini huyo?"

"Anasema amebeba chakula yake," mama ya Makrina akamjibu.

"Kwani alisikia hapa tunaroga watu?"

Hapo ndipo akili ilinirudia. Nyinyi ni watu wa hapa, sina haja ya kuwafundisha. Mtu habebi chakula kwenda kwa wakwe ila awe anaogopa sufuria yao, na anayeogopa sufuria ya watu ameshawaita wachawi. Nikajaribu kueleza presha. Nikamtaja nesi. Nilikuwa najitetea na kabichi imo mdomoni.

Baba mdogo aliacha kucheka. "Wageni, tuwachie hapo," akasema. "Kama shangazi anaogopa kupikiwa na sisi, huyu mtoto wetu tukimtoa, huko kwenu atampikia nani?"

Fredi aliniangalia vile mtu huangalia lori lililomrushia matope. Mtoto niliyemlea. Zakayo akaninong'onezea, "Kula hiyo kuku. Kula hata mifupa."

Nikafunga mkebe. "Leteni ingokho," nikasema. "Nitakula, tena nitaanza mimi."

Wakaleta. Jameni, wakaleta. Obusuma, ule ugali niliofukuza kwangu, mlima mzima. Mchuzi mafuta yanaelea juu. Mboga ya mrenda. Mama ya Makrina akasimama mbele yangu, mikono kiunoni, anaangalia kila tonge linaingia wapi. Paja, nikala. Shingo, nikala. Kukhu akaniwekea kipande cha mkia kwa mkono wake mwenyewe, mafuta matupu, nikala na kulamba vidole ili waone. Tumbo langu, ambalo wiki nyingi lilikuwa linaona majani tu, likaanza kuuliza maswali. Nikalinyamazisha. Watu wakaanza kucheka tena. Baba mdogo akasema, "Sasa huyu ni mkwe." Mahari ikazungumzwa ikakaribia kuisha, na Makrina akaitwa aje aulizwe mbele ya wote kama wageni hawa anawajua. Akaingia ameinamisha macho, viatu vyeupe vipya miguuni. Mimi nikaombwa nisimame nimkaribishe kwa niaba ya ukoo wetu.

Nikasimama. Nikafungua mdomo.

Sitazunguka. Nilitapika. Nilitapikia viatu vya msichana wa watu, na mkeka, na fimbo ya baba mdogo. Kila kitu nilichokula kilirudi kwa wenyewe, na ile kabichi nayo ikajitokeza kusalimia.

Kukhu hakuhitaji masikio kuelewa hilo. "Uwi! Mgeni anakufa kwetu!" Majirani waliokuwa wanachungulia kutoka uani wakaingia wote. Mmoja anasema nipewe maziwa, mwingine mayai mabichi, mwingine anauliza nani amepika. Swali hilo likashika. Nani amepika? Nani amepika? Mimi niko chini, napunga mkono kusema si sumu, ni mafuta, ni ujinga wangu, na hakuna anayenisikiza.

Mama ya Makrina akachukua sahani yangu. Akaketi chini mbele ya watu wote, akala nilichobakisha. Alimaliza obusuma. Alikunywa mchuzi. Mifupa niliyokuwa nimeshaitafuna akaivunja na kuifyonza mmoja mmoja, akiniangalia, machozi yanashuka na hayafuti. Mwanamke aliyeamka alfajiri kunipikia. Afadhali angenipiga.

Alipomaliza alinawa mikono. "Mmeona," akawaambia majirani. "Sasa endeni nyumbani."

Njiani Zakayo alinifokea mpaka sauti ikamkauka. "Kipande kimoja, Rispa. Ungengoja, ukale kipande kimoja bila mchuzi, useme jameni nina presha, wangekutafutia hata boga. Nani alikuambia ni yote ama hakuna?" Nesi alikuwa ameniambia maneno hayo hayo, na mimi nikadhani anawaambia watu wavivu. Nimejitesa na majani muda wote huo ili presha ishuke, na nawaambia ukweli, leo ikipimwa itavunja kipimo.

Mnauliza ya Fredi. Ya Fredi yamekuwa mazuri. Makrina ni msichana mwema kuliko tunavyostahili. Kabla hatujaondoka alivua viatu vyake, akavisuuza nje, akarudi pekupeku, na alipoulizwa akajibu kwamba anatujua. Karani na pikipiki yake wamekosa. Baba mdogo akafuta fimbo, akasema sawa, tumalizie Jumamosi. Mama ya Makrina tu ndiye aliyeweka sharti moja, tena kwa adabu, hakupandisha sauti. Alisema shangazi ni mgonjwa, abaki nyumbani. Jumamosi abaki, na siku ya harusi abaki. Nikamgeukia Fredi nikingoja aseme neno, hata moja, kwamba huyu ndiye aliyenilea. Akatazama viatu vyake. Akamwambia mama ya Makrina, "Asante, mama. Nimekubali."

Kwa hivyo siku ya harusi ikifika, mkipita hapa na nguo zenu nzuri, ambazo bila shaka nitawashonea mimi, msinigongee mlango. Nimeambiwa nipumzike.