Saa Mbili Angani kwa Kipimo cha Uzi

Jumatano, 4 Juni
Dada yangu mkubwa anastaafu uuguzi. Sherehe ni Jumamosi, katika jiji analoishi, mbali kaskazini mashariki mwa kwetu. Ameagiza: nduguye atakayekuwa ukumbini saa nane mchana, sherehe ikifunguliwa, ndiye atakayehutubia kwa niaba ya familia. Hotuba ni yangu! Mpinzani ni mmoja tu: shemeji, mume wa mdogo wetu, mkata tiketi za basi. Na kwa basi atakwenda, siku mbili njiani. Maskini. Mimi nitapaa.

Alhamisi, 5 Juni
Nimepata tiketi ya ndege. Kuondoka saa nne asubuhi, kufika saa saba. Saa tatu angani? Haiwezekani! Nikatandaza ramani mezani, nikanyoosha uzi wa cherehani wa mke wangu kutoka jiji hadi jiji, nikagawa umbali kwa mwendo wa ndege. Saa mbili. Hiyo moja shirika limejiongezea kwa maringo. Shemeji alipokuja kuaga alicheka hadi akaegemea mlango. Eti uzi ni wa kushonea suruali, shemeji yangu, si wa kurushia ndege. Eti huko saa zao zimetutangulia, nirekebishe yangu nikitua. Nilimjibu kwa upole kwamba saa niliyorithi kwa marehemu baba haipokei amri za kituo cha basi.
Mke wangu anadai uzi wake.

Jumamosi, 7 Juni, kwa kinyozi
Tumetua. Saa yangu: sita kamili! Uzi haukukosea hata nukta. Nilimpongeza rubani, akanitazama kama mgonjwa. Sasa nina nafasi tele. Kinyozi kauliza kama ninakwenda kuoa. Nikamsomea utangulizi wa hotuba. Kaacha kunyoa, kwa kuguswa bila shaka.

Jumamosi, jioni
Niliingia ukumbini saa nane kasoro robo, kifua mbele. Shemeji anashuka jukwaani! Shati limekunjamana, makofi yanamsindikiza, wauguzi wanafuta machozi. Dada akaninong'oneza: mdogo wangu, tumekungoja tukachoka, ulipotelea wapi? Nikamwonyesha saa yangu. Akanionyesha ya ukutani: tisa kasoro robo. Aibu iliyoje! Jiji kubwa namna hii, halina fundi saa. Shemeji akaniletea soda, akanifariji kwamba nitahutubia siku atakapostaafu yeye.

Jumapili, 8 Juni, uwanja wa ndege
Tiketi ya kurudi: kuondoka saa nne, kufika saa tano. Saa moja tu! Nilifikiri kidogo, nikaelewa. Kwenye ramani jiji hili liko juu. Kuja ni kupanda. Kurudi ni mteremko. Saa yangu inasema tatu kasoro dakika tano, kwa hiyo nimeagiza chai ya pili, ninaandika hotuba ya kustaafu kwa shemeji. Kipaza sauti kinaita jina langu kwa mara ya tatu. Mgahawa mzima unageuka. Hatimaye nimetambuliwa! Wangoje kidogo. Mzungumzaji mwenye hadhi hakimbilii jukwaa.