Kapteni wa Nyotani Afufuka Nyakato

Jumatatu, 2 Oktoba 1995

Habari ya juzi Jumamosi wote wanaisimulia vibaya. Wote! Muuza kahawa anasema niliduwaa. Kinyozi anasema nilitoka nje mbio. Kwenye foleni ya bomba nimesikia kwamba nililia. Uongo mtupu. Nilikohoa tu, nikaendelea.

Ilivyokuwa ni hivi. Banda la video la Mama Wilhelmina hapa Nyakato lina kiti kimoja cha kukunja, kando ya televisheni. Kiti changu. Tangu kiwanda kitupunguze kazi, hicho ndicho kiti pekee nchi hii nikikikalia watu wananyamaza. Nakaa, napunguza sauti ya wazungu, natafsiri. Kiingereza sijui. Kuandika kwenyewe nilijifunza kisomo cha watu wazima pale kiwandani, baada ya zamu. Lakini Kiingereza cha nini? Mtu akikunja uso amekasirika. Akikumbatia amependa. Akidondoka amekufa. Kuna nini tena hapo?

Mikanda yetu mikubwa ni ile ya watu wa nyotani. Chombo kinaruka angani, ndani wamo watu wa sayari saba, wengine wa kijani, wengine na mapembe, wote chini ya Mwenyekiti mmoja. Nchi ile nimeijenga mimi. Nimewapa mabalozi wa nyumba kumi. Nimewapa duka la ushirika, na foleni ya sukari. Hawa wenye pua ndefu waliotokea mikanda ya karibuni, wanaouza mpaka hewa, nilisema ni soko huria limefika na huko. Watu walicheka mabenchi yakalia.

Shida ni mletaji. Anaileta mikanda kutoka Kisumu kama anachota dagaa, popote mkono unapoangukia. Wa tano unatangulia wa pili. Mwenyekiti leo mrefu, kesho mfupi na sura nyingine, jina lilelile. Nilisema aliugua. Wakakubali. Lakini mwezi wa saba Kapteni alidondoka, mlango ukafungwa, mkewe akalia. Nikamuua. Nikamzika vizuri, na matanga nikaweka. Ndalahwa, fundi wa kuchomelea mageti, alivua kofia.

Juzi Kapteni akaingia anatembea!

Banda zima likanigeukia. Nikakohoa. Nikasema huyu ni mdogo wake, baba mmoja mama mmoja, wamefanana mno. Akamkumbatia mjane. Nikasema amemrithi, wazee wamekaa wakaafikiana. Akina mama wa mbele wakaitikia, eeh, ndivyo inavyotakiwa. Nilishapona! Ndipo Mwalimu Jovitus Kaijage akacheka kule nyuma. Mstaafu, Mhaya, juzi tu kahamia mtaani, soksi zimefika magotini. Akasema waitu, jamani, huyo ni yeye mwenyewe, hakufa, na huyu mzee anawadanganya siku zote.

Leo Mama Wilhelmina kaniita. Shikamoo Mzee Malimi. Marahaba. Akasema watu wamegawanyika. Nikasema wagawanyike, si ndiyo mfumo mpya? Hakucheka. Jumamosi unaonyeshwa mkanda wa mwisho. Nusu natafsiri mimi, nusu Mwalimu, halafu watu wanyooshe mikono. Atakayepata mingi kiti ni chake.

Yaani hata kiti cha kukunja kina upinzani!

Jumanne, 3 Oktoba

Nimeamka na akili.

Nimemkuta Luhaga, balozi wetu, mtu wa chama tawala mpaka kwenye soli za viatu, anabandika picha ya mgombea ukutani. Nikamwambia balozi, Jumamosi Mwenyekiti wa nyotani atapigiwa kura, na kushinda kwake ni mdomo wangu tu. Akauliza kwani kwenye mkanda inakuwaje. Nikasema mkanda bila mimi ni bubu. Akalamba gundi kwenye kidole, akafikiri. Akasema basi ashinde. Ila ashinde kwa kishindo, siyo kwa kuponea. Yeye atakuja na nyumba zake kumi zote zininyooshee mikono.

Kutoka hapo, moja kwa moja karakana kwa Ndalahwa. Huyu ni upinzani, fulana ya chama chake kaivaa mpaka imekuwa wavu. Nikamwambia Jumamosi waasi wa sayari nyekundu wanamng'oa Mwenyekiti. Akanishika mkono na glavu zake chafu, akasema mzee, kumbe na wewe umeamka! Vijana wote wa karakana watakuja.

Nyumba kumi hizo, na karakana nzima. Mwalimu abaki na soksi zake.

Nimerudi nimesonga ugali mwenyewe. Tangu mke wangu Teodora afariki humu ndani hakuna wa kunibishia. Angekuwepo angesema Malimi, wewe utakuja kuaibika. Nimejisemea kwa sauti yake, nikajijibu kwa yangu. Nimeshinda mimi.

Jumatano, 4 Oktoba

Sikujua kwamba wanakunywa kahawa kwa mtu mmoja!

Luhaga na Ndalahwa tangu kampeni zianze hawasalimiani. Leo wamesalimiana. Wamekuja kwangu wawili, bega kwa bega, wamejaa mlangoni. Luhaga akauliza kwa upole, Malimi, hebu tukumbushe, nani anashinda Jumamosi? Ndalahwa akasema eeh mzee, tumekuja kwa hilo tu.

Nikasema serikali ya mseto.

Luhaga akasema na mvi zote hizo. Ndalahwa akasema mzee, hata mwizi wa kura huchagua upande. Wakaondoka wanacheka pamoja, wamepeana sigara.

Nimewapatanisha. Hakuna aliyenishukuru.

Alhamisi, 5 Oktoba

Akili nyingine. Bila mkanda hakuna mashindano. Bila mashindano kiti ni changu.

Asubuhi Mama Wilhelmina huenda sokoni Mwaloni kuchukua dagaa. Dirisha la nyuma la banda komeo lake ni msumari, tena niliupigilia mimi. Nimeingiza mkono. Mikanda imejipanga kwenye rafu, imeandikwa Kiingereza kitupu. Lakini mtu mzima hahangaiki na herufi, anaangalia heshima. Mmoja ulikuwa peke yake, umefungwa kitambaa cheupe kimepigwa pasi. Huo! Mkanda wa mwisho ungefungwa vipi kama si hivyo?

Nimeufukia kwenye gunia la unga. Nimekula mhogo wa kuchemsha ili nisilifungue gunia.

Nimepita makusudi mbele ya nyumba ya Mwalimu. Yuko kwenye ngazi, anajisemea Kiingereza peke yake. Nikamwambia endelea tu mwalimu, jifunze. Akasema ahsante, elimu haina mwisho. Mtu huyu hata ukimtania anakubali! Inachosha.

Ijumaa, 6 Oktoba

Kilio kimeanzia nyuma ya banda. Nimeenda na mimi, nisipoenda nitashukiwa.

Mkanda wa mwisho upo. Upo salama ndani ya deki tangu jana. Kilichopotea ni mkanda wa mazishi ya marehemu mume wake. Shemeji zake waliupiga kule Bukoba, hakuna mwingine. Kila mwaka siku ile anafunga banda, anaweka deki, anamwangalia mumewe akishushwa. Amesema bora wangechukua televisheni. Alikuwa amekaa chini, kwenye vumbi, miguu ameinyoosha kama mtoto. Akina mama wamemzunguka. Mwalimu amesimama, miwani mkononi.

Na mimi nikakaa chini.

Nikaenda nyumbani. Nikaufukua, nikaufuta na shati, nikarudi nao. Nikasema nimeuokota mferejini, bila shaka wezi waliona hauna faida wakautupa. Wezi wa siku hizi! Akaupokea kwa mikono miwili. Akafungua kitambaa. Unga ukamwagika kwenye vidole vyake, mweupe, wa sembe. Akauangalia. Akaniangalia. Akasema ahsante, Mzee Malimi. Basi.

Hakuuliza mfereji gani. Nadhani ameniona muungwana.

Teodora mimi sina mkanda wake. Nina picha moja, ya kadi ya matibabu ya kiwandani, anafanana na mtu anayetaka kupiga chafya. Nimeitafuta leo. Bado anataka kupiga chafya.

Jumapili, 8 Oktoba

Nitaandika ya jana, na nitayaandika sawasawa, maana kinyozi ameshaanza.

Saa tisa banda limejaa, wengine wamekalia ndoo. Luhaga na Ndalahwa benchi moja, wamekunja mikono. Nimeanza mimi. Nilikuwa na sauti nzuri kuliko siku zote! Mdogo wa Kapteni nimempa kampeni, nimempa fulana na kofia, nimempikia pilau sayari tatu. Wenye pua ndefu nimewanunulisha kura. Zamani hapo watu wangepasuka. Jana nilisikia mtu anatafuna muwa. Kila nikitaja jina, sauti ya nyuma inauliza, huyo naye amekufa au bado? Wanacheka hilo, siyo langu.

Nusu ikaisha. Nikampisha Mwalimu.

Alianza vibaya, kama anasomea darasa imla. Nikatabasamu. Halafu akaongeza sauti ya televisheni, akawaacha wenyewe waseme, ndipo akasema yeye, taratibu, kama anamwambia mtu mmoja.

Akasema Mwenyekiti mrefu na Mwenyekiti mfupi hawakuwa mtu mmoja aliyeugua. Wa kwanza aliondolewa kwa siri. Wa pili akachukua jina lake, maana jina lile ni la kiti, na watu wa sayari saba wakisikia jina ni lilelile hawatauliza. Nikaona Luhaga amekunjua mikono.

Akasema Kapteni hakufa. Alisimama barazani akauliza kwa nini chakula cha sayari saba kinafika sayari tano. Wakampiga, akadondoka. Mlango ule uliofungwa ulikuwa wa gereza. Mkewe aliambiwa amekufa. Miaka yote hiyo yumo ndani, anasikia chombo kikipita juu yake.

Mayoo! Nilimzika mtu yuko gerezani. Na matanga nikaweka.

Sasa chama kile kimeshachoka, sayari kila moja inataka mambo yake, milango imefunguliwa, Kapteni katoka. Mwenyekiti mzee yuko mbele yake, hana hata walinzi. Baraza linamwuliza Kapteni, tumfanye nini huyu? Kapteni hakutaka afanywe kitu. Aliuliza swali moja. Mwalimu akalisema polepole. Nani aliwaambia watu kwamba nimekufa?

Banda zima likanigeukia mimi.

Mimi! Ningesema nini? Televisheni ikajibu kabla yangu. Mwenyekiti mzee akasema, niliona kuomboleza ni rahisi kwao kuliko kusubiri.

Hakuna aliyetafuna muwa. Ndalahwa alikuwa anaangalia chini. Luhaga alipenga kamasi, na balozi hapengi mbele ya watu. Mama Wilhelmina alikuwa mlangoni na ndoo ya viingilio, ameisahau, imeinama. Kwenye televisheni Kapteni akaenda nyumbani kwa mkewe, akafika mlangoni, akainua mkono wa kubisha hodi, hakubisha. Mkanda ukaishia hapo. Mkono uko juu mpaka sasa.

Mikanda yote ile nimeikalia pembeni, macho yangu karibu kuliko ya mtu yeyote. Sikuwahi kuiona.

Mama Wilhelmina akasema wanaomtaka Mwalimu. Mikono ikawa msitu. Mkono wangu mmoja nao ulitaka kwenda juu. Niliukalia.

Nikakikunja kiti, nikampa Mwalimu. Na hapa ndipo kinyozi anapokosea, anaposema nilitoka kama mbwa aliyelowa. Nilipopita katikati, banda lote lilisimama. Wote, kuanzia akina mama wa mbele hadi vijana wa ndoo. Wamesimama kimya mpaka nimetoka, kama anavyosindikizwa mkubwa.

Jumanne, 10 Oktoba

Jana Mwalimu alikuja na ndizi za kwao. Akakaa kwenye kigoda cha Teodora bila kujua ni cha nani, nikamwacha. Akasema Mzee Malimi, mimi Kiingereza ninacho, sauti sina. Wanasinzia nikiwa nasimulia vita. Wewe una sauti. Tukae wote. Mimi nakunong'oneza walichosema, wewe unawaambia watu. Mama Wilhelmina ameshakubali, tena ndiye aliyemtuma, kasema niambiwe kiti cha pili kimeshanunuliwa.

Nikamtazama na soksi zake. Huyo! Nimejua palepale kwamba wananiogopa.

Nikamwambia mwalimu, mimi sinong'onezwi.

Akasema basi jambo hili lifikiriwe kwanza. Nikasema alifikirie yeyote mwenye nafasi. Akaaga vizuri. Ndizi ameziacha, nimezila zote.

Magu kuna mtu kanunua deki. Hana mtafsiri. Nimeshatuma salamu kwamba nakuja, bingwa wa Mwanza nzima, niliyemfundisha Mwalimu Kaijage kazi. Kule watu wa nyotani hawajawaona, na Kiingereza hakuna anayekijua, nimeuliza. Kule Kapteni atakufa. Atakufa vizuri, mazishi nitayarefusha, mvua nitaitia. Mdogo wake atamrithi mke. Na akitokea mwingine wa kufanana naye, mama yao alizaa watatu. Nimeshajipanga, hawanipati tena!

Gari la Magu linaondoka asubuhi. Nguo nimefunga, picha nimeitia mfuko wa shati.

Jambo moja tu, kwa kuwa hili daftari hakuna wa kulisoma. Pale nilipoandika banda lote lilisimama nikitoka, nilitia chumvi kidogo. Alisimama Ndalahwa peke yake. Alikuwa anaenda kukojoa.