Sanamu Yenye Ulimi wa Chuma

Jumatatu, 3 Machi 1958
Sauti ile haijanitoka masikioni: makuti yakichakarika ndani ya chumba kisicho na upepo. Kumbe ni pangaboi, feni ya darini! Nilimpelekea mpishi wa hoteli sambusa za Shangazi Muhiba, nikachungulia baa mpya. Nyavu, vifuu, mkeka ukutani kama joho, sanamu yenye ulimi wa chuma. Meneja akasema vyote vimetoka visiwa vya Bahari ya Kusini, ila wageni huuliza kisiwa gani, naye hajui. Nikaahidi kumtafutia asili ya kila pambo. Nikifaulu, kazi ya kuwaeleza wageni ni yangu. Nikishindwa, Baba ananipeleka Mombasa nikafundishwe kupika. Mimi, mwenye cheti cha Cambridge!

Jumanne, 4 Machi
Nimemaliza atlasi nzima. Visiwa tele, ulimi hakuna. Binamu yangu Lela akauliza kama natafuta mchumba humo.

Alhamisi, 6 Machi
Nimeigeuza sanamu. Mgongoni, nukta tatu nyekundu! Hapa Pumwani kila mwanamke hutia alama vyombo vyake kabla ya kuviazimisha kwa harusi. Nukta tatu ni za Shangazi. Sanamu ni mbuzi yake ya kukunia nazi, iliyopotea baada ya harusi ya jirani aitwaye Mgeni. Joho ni mkeka wa jirani yetu, Bi Qamar. Mwenye mkokoteni aliyerudisha vyombo kumbe alipitia hotelini kwanza. Nimewatangazia wanawake wote, waje kesho washuhudie asili ya kila pambo mbele ya meneja. Wazo la mtu mwenye kipaji.

Ijumaa, 7 Machi
Walikuja. Hawakushuhudia, walibeba! Bi Qamar akamuuliza meneja, mwanangu, mkeka wangu umeutundika kama nyama buchani? Shangazi akaikalia sanamu palepale kuonyesha nazi inavyokunwa. Wageni wa chakula cha mchana wakapiga makofi. Ukuta mtupu. Lela akanipa pole: Mombasa nazi ni nyingi, sitakosa kazi.

Jumamosi, 8 Machi
Meneja kaniita. Wageni wamefurahi kupita kiasi, wanauliza onyesho lingine lini. Kazi ni yangu, mradi ukuta ujae tena, kwa vitu ambavyo hakuna atakayekuja kuvidai. Nimelielewa somo: vyombo vya majirani havifai kabisa. Kwa hiyo Baba alipokwenda dukani niliung'oa mlango wa jiko letu. Sasa hivi uko ukutani. Ni ngao ya mfalme wa Tahiti.